Fundi karudisha mfumo nyuma, mauzo ya siku tatu yakaenda nao

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Nina steshenari hapa Moshi, jirani na soko la Mbuyuni. Kompyuta ya dukani ni Linux, mauzo na madeni yote yamo kwenye MariaDB, programu ya kutunza data. Fundi aliyeisuka alinijaza upepo: "Mangi, hii ni Btrfs, ikizingua tunarudi jana, basi." Btrfs ni mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, unaoweza kupiga snapshoti, yaani picha ya mambo yalivyo wakati huo. Nikamlipa bila kuomba hata mia ipungue.

Ijumaa asubuhi, baada ya apdeti, printa ikagoma. Wazazi na fomu zao za shule wamejaa mpaka mlangoni. Nikamwita, akafungua Timeshift, programu ya kurudisha snapshoti, akachagua snapshoti ya Jumanne usiku, akawasha upya. Printa ikachapa! Waifai ikapotea palepale, akasema tumia kebo. Akamaliza soda yangu, huyoo.

Jioni dada wa kaunta anafunga hesabu. "Bosi, mbona kutoka Jumanne inarukia leo mchana?" Jumatano hamna. Alhamisi hamna. Mwalimu aliyekopa rimu nne Alhamisi, hanidai wala simdai. Nampigia fundi: "Ndiyo maana ya kurudi nyuma hiyo, data imeshaenda. Kufufua ni elfu hamsini, na siahidi."

Jamani! Timeshift inarudisha sabvolumu ya @ (fungu la Btrfs lenye mfumo wenyewe) yote kama ilivyo. Barua zangu zilipona kwa kuwa folda ya /home iko kwenye sabvolumu nyingine, @home. Lakini /var/lib/mysql, folda ya data ya MariaDB, aliiacha humohumo ndani ya @, kwa hiyo printa na mauzo vikarudi Jumanne vimeshikana mikono. Watu wa openSUSE, toleo mojawapo la Linux, wao wanaitenga folda ya /var nzima tangu kusakinisha. Huyu kilimshinda nini kuweka @mysql pembeni ya @, na mstari mmoja kwenye fstab, faili linaloiambia kompyuta ifungue nini inapowaka? (Pembeni, siyo ndani yake, ukiiweka ndani, siku ya kurudisha inabaki na mfumo wa zamani.)

Na ile waifai: /boot, folda ya kuwashia mfumo, kaiweka kwenye patisheni (sehemu ya diski) ya ext4, siyo Btrfs, snapshoti haiigusi. Keneli, kiini cha Linux, ikabaki mpya, moduli zake za kuendesha vifaa kama waifai zikarudi za zamani, hazipatani. Fundi hajui hilo?

Usiku nikakaa mwenyewe. Kumbe Timeshift kabla ya kurudisha huuweka kando mfumo uliokuwepo, haiufuti. Nikamaunti (nikafungua) diski kwa subvolid=5, yaani kuanzia ngazi ya juu kabisa, nikachimba kwenye folda ya timeshift-btrfs, nikaikuta @ ya Ijumaa asubuhi, mysql yangu imelala humo nzima. Nikasimamisha MariaDB, folda ya sasa nikaisogeza pembeni, nikakopi ile kwa amri ya cp -a, nikawasha. Mwalimu huyu hapa, rimu nne! Mauzo ya Ijumaa mchana tu ndiyo tuliyaingiza upya kutoka kwenye risiti.

Dakika ishirini, wakuu. Yeye alitaka elfu hamsini na hakutaka hata kuangalia.

Leo kapiga anaulizia "ile kazi ya kufufua". Nimempa dada wa kaunta simu.