Barafu ya 1795 iliiua VOC, au ilikuta maiti?

Mtoa Mizigo

Wakuu, leo naomba tubishane kuhusu kampuni iliyokufa zaidi ya miaka 200 iliyopita. VOC, Kampuni ya Waholanzi ya India ya Mashariki, ilianzishwa 1602, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 17 hakukuwa na kampuni ya biashara iliyoifikia. Ukiuliza ilikufaje, utajibiwa neno moja: rushwa. Waholanzi wenyewe wana utani wao kwamba herufi zile tatu ni kifupi cha "imeangamia kwa ufisadi". Mimi naona tumeridhika mapema na jibu hilo. Kuna baridi moja hatujaiweka kwenye hesabu.

Kwanza mjue Amsterdam ilivyokaa. Msiifikirie kama Kilindini. Meli ilitoka mjini ikaingia Zuiderzee, ghuba pana yenye kina kidogo, na mbele ya mji palikuwa na fungu la matope liitwalo Pampus. Meli kubwa haikupita hapo kirahisi. Tangu miaka ya 1690 walikuwa wakiibana kati ya vyombo viwili vya mbao vilivyojazwa maji, kisha wanayapampu maji yatoke, navyo vinapoelea vinainuka na meli yao. Waliviita ngamia. Shehena ilipelekwa kwa mashua hadi kisiwa cha Texel, ambako meli za masafa zilitia nanga zikingojea upepo.

Sasa Zuiderzee igande. Bidhaa ziko ghalani Amsterdam, meli iko Texel, katikati barafu tupu. Aliyewahi kuhangaika na kontena lililokwama yadi huku meli inang'oa nanga atanielewa bila maelezo.

Hilo lakini walilizoea. Majira ya baridi ya 1794–95 yalikuwa kitu kingine. Kule Uingereza kuna rekodi ya joto iliyounganishwa mwezi kwa mwezi tangu 1659, na hadi leo Januari 1795 ndiyo Januari yake ya baridi kuliko zote: wastani wa nyuzi 3.1 chini ya sifuri. Ng'ambo ya pili ya bahari, mito ya Maas na Waal iliganda. Mito hiyo ndiyo iliyokuwa ukuta wa Uholanzi. Jeshi la Ufaransa chini ya Jenerali Pichegru lilikuwa limesimama kusini yake. Mwishoni mwa Desemba likavuka Maas kwa miguu, na Januari likavuka Waal. Tarehe 18 Januari mkuu wa nchi, William V, alikimbilia Uingereza kwa mashua ya wavuvi kutoka pwani ya Scheveningen. Mara Wafaransa wakawa Amsterdam. Tarehe 23 askari wao wa farasi wakafika bandari ya Den Helder, mkabala na Texel, wakazikuta meli za kivita 14 zimenaswa kwenye barafu, wakaziteka. Farasi kuteka manowari! Hilo peke yake linatosha kuanzisha mjadala.

Halafu njooni kwenye biashara. Februari 7, William akiwa Kew karibu na London, aliwaandikia magavana wa makoloni wawapokee Waingereza. Malacca (leo Malaysia) ikaenda Agosti, Cape (kusini mwa Afrika) Septemba, Colombo ya Ceylon (leo Sri Lanka) Februari 1796. Tarehe 1 Machi 1796 serikali mpya ikaitaifisha VOC. Tangu mto kuganda hadi Kampuni kunyang'anywa wenyewe haikufika miezi 15.

Nasema bila baridi ile tusingekuwa na kisa hiki. Karibuni mnirekebishe.

Mwalimu wa Zamu

Mtoa Mizigo, umeandika vizuri ila hadithi umeianzia siku ya mazishi.

Rudi 1780. Waholanzi na Waingereza walipigana hadi 1784, na Kampuni ndiyo iliyolipa. Meli zake zilizokuwa zimejificha Saldanha Bay, kaskazini ya Cape, zilikamatwa 1781. Mwaka huohuo ikashindwa kuwalipa wadai wake, ikaanza kuishi kwa dhamana ya serikali. Mkataba wa 1784 uliwaruhusu Waingereza kusafiri kwa uhuru hadi visiwa vya viungo, yaani moyo wenyewe wa ukiritimba wa VOC. Ilipotaifishwa ilikuwa na deni la zaidi ya gilda (fedha ya Kiholanzi) milioni 100. Mtaji wake wa kuanzia ulikuwa milioni 6.4. Hiyo barafu ilikula nini hapo?

Benki ya Amsterdam, ile iliyoheshimika Ulaya nzima kwa kutogusa amana za watu, ikabainika 1795 kwamba ilikuwa imeikopesha Kampuni kwa siri kwa miaka. Kwa lugha ya mtaani, walikuwa wanakula mtaji.

Na hiyo picha ya farasi na manowari watu wanaipenda mno. Siku mbili kabla, tarehe 21, maofisa wa meli zile walikuwa wameshaagizwa wasipigane. Farasi walifika mahali ambapo mlango ulikuwa wazi. Amsterdam nayo ilipinduliwa na Waholanzi wenyewe usiku wa kuamkia tarehe 19. Hao walijiita Wazalendo. Walishindwa 1787 pale Prussia ilipoleta jeshi kumsaidia William, viongozi wao wakakimbilia Ufaransa, na 1795 wakarudi pamoja na Wafaransa. Mmoja wao, Daendels, alikuwa jenerali katika jeshi hilohilo lililovuka mito.

Mwisho, linganisha na 1672. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliivamia Uholanzi, Waholanzi wakafungulia maji mashamba yao ili adui asipite. Desemba maji yakaganda. Jenerali wake Luxembourg akapita juu ya barafu, akachoma vijiji vya Bodegraven na Zwammerdam na kuua raia. Jamhuri haikuanguka. Barafu ileile, nchi ileile, matokeo tofauti. Tofauti ni watu.

Kidimbwi

Kwa hiyo hata wao walikuwa wanasingizia hali ya hewa. Nilidhani ni sisi tu, daraja likisombwa tunasema ni mvua.

Bi Karafuu

Mimi ni Mpemba, nimeingia hapa kwa sababu ya visiwa vya viungo. Tuliambiwa utotoni kwamba karafuu Waholanzi waliibania, mikarafuu iliyoota nje ya kisiwa cha Ambon ikakatwa ili bei isishuke. Sasa kama barafu ndiyo iliyowaondoa, ina maana barafu ndiyo iliyotuletea mikarafuu? Nitaanza kuiheshimu friji yangu.

Mwalimu wa Zamu

Dada, hapana. Miche iliibiwa Maluku, yaani hivyo visiwa vya viungo, mapema zaidi. Mfaransa Pierre Poivre aliifikisha Mauritius mwaka 1770, miaka 25 kabla ya baridi hii, na kwa njia ya visiwa vile vya Wafaransa ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Jina linalotajwa sana katika kuileta ni Saleh bin Haramil. Baadaye Sayyid Said ndiye aliyeisambaza kwa amri. Waingereza nao walichukua miche Maluku baada ya 1796 wakaipeleka Penang, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Bi Karafuu

Sawa mwalimu, nimekubali kupoteza barafu yangu. Ila umejifunga goli upande mwingine, maana unamsaidia Mtoa Mizigo kuonyesha kwamba ukiritimba ungeweza kutoboka na mwenye nao akaendelea kuishi miaka 25. Kutoboka si kufa.

Nahodha Mstaafu

Wanangu, mnasema baridi, baridi, kama kwamba baharia hajui majira. Kwetu kusi ikishika kasi, Juni na Julai, chombo kinapandishwa pwani, kinapakwa sifa (mafuta ya papa), nahodha anakaa na wajukuu. Tunasema bahari imefungwa. Hakuna anayelia, kwa sababu hesabu ya mwaka ilishaliweka hilo. Waholanzi walikuwa hivyohivyo kwa Baltiki, ambako walichukua nafaka na mbao: ikiganda meli zinalala, ikiyeyuka zinapita mlango-bahari wa Øresund na kumlipa Mdenmark ushuru wake. Ndiyo biashara waliyoiita mama wa biashara zao zote, na mama huyo alilala kila mwaka bila kufa.

VOC ilikuwa na mtihani mgumu zaidi. Msafara wake mmoja uliondoka wakati wa Krismasi, mwingine Pasaka, mwingine Septemba. Ule wa Krismasi ndio wa kutazama. Unajua kabisa Zuiderzee inaweza kuganda Desemba, na bado unapanga meli iondoke Desemba, maana safari ya Batavia (leo Jakarta) ilikuwa kama miezi minane na kule mbele kuna pepo zake unazotakiwa kuziwahi. Ukichelewa Texel mwezi mmoja, hujachelewa mwezi mmoja. Waliotembea na kaskazi wanajua: mwenzio ameondoka leo anafika kwa siku 25, wewe umekosa siku kumi unasubiri mwakani.

Kuna kimoja mwalimu amekiruka, sijui kwa makusudi. Mwaka 1672 barafu iliyeyuka. Luxembourg alikuwa njiani kwenda mbele zaidi, hewa ikabadilika, maji yakarudi kuwa maji, ikabidi ageuze askari wake haraka wasikatiwe njia. Sasa unatuambia tofauti ni watu! Mwaka 1672 hali ya hewa iliwaokoa, 1795 ikawaacha.

Mtoa Mizigo

Nahodha, shikamoo, na asante. Hiyo ya kuyeyuka sikuifahamu, na ndiyo iliyokuwa inanikosesha usingizi.

Mwalimu, Den Helder nakuachia. Kama amri ilishatoka tarehe 21, picha ya farasi ni ya kuning'iniza ukutani. Lakini jiulize kwa nini amri ya kutopigana ilikuwa na maana. Meli ambayo haijaganda haiombi amri ya mtu. Inatweka tanga, inavuka kwenda Harwich, Uingereza, na nahodha wake anaamua mwenyewe upande gani. Ziliposhikwa na barafu, nafasi ya kuchagua ilikwisha kwa wote, waliomtaka William na waliomchukia.

Nabadilisha hoja yangu kidogo. Kampuni ilikuwa mahututi, hilo sibishi tena, takwimu zako zimenifunga mdomo. Ninachoshikilia ni suala la urithi. Kampuni muflisi ya aina ile ingechukuliwa na serikali yake pamoja na mali zake, na ndicho serikali ya Uholanzi ilichokuwa ikielekea kufanya tangu ilipoanza kuidhamini. Baridi iliwaweka Wafaransa Amsterdam mwezi Januari, kabla urithi haujagawanywa. Kuanzia hapo kila kitu cha Kiholanzi kikawa mali ya adui machoni pa London. Meli za VOC zilizokuwa zinarudi na shehena zilinaswa karibu na kisiwa cha Saint Helena Juni 1795. Mabaharia wale waliondoka Asia wakiwa raia wa nchi rafiki ya Uingereza, wakafika katikati ya Atlantiki wakiwa maadui, na habari hawana. Mei mwaka huo Ufaransa ilishawatoza Waholanzi gilda milioni 100 kama fidia ya "kuwakomboa", yaani karibu deni zima la Kampuni unalolitaja. Mrithi mmoja kachukua bahari, mwingine kachukua fedha.

Na zile mali hazikurudi zote. Ceylon ilibaki kwa Waingereza moja kwa moja. Cape ilirudishwa 1803, ikachukuliwa tena 1806. Tukumbuke Cape hiyohiyo ilikuwa imetuma meli hadi pwani yetu kati ya 1776 na 1778, zikafika Zanzibar kutafuta watumwa, kwa hiyo tusijifanye ni kisa cha Wazungu watupu.

Mwalimu wa Zamu

Urithi, sawa, hapo umesogea mahali penye udongo mgumu. Lakini bado unadhani Wafaransa walihitaji barafu. Walishinda vita vya Fleurus Juni 1794, wakawasukuma Waaustria kuelekea mto Rhine, na Waingereza waliobaki Uholanzi walikuwa jeshi linalorudi nyuma, wagonjwa wengi kuliko wazima. Mto unavukwa pia kwa madaraja ya mashua. Barafu ikikosekana wangekuja Mei. Amsterdam ingepinduliwa Mei. William angepanda mashua ileile ya wavuvi, bila koti zito.

Mtoa Mizigo

Mei kuna jambo moja tofauti. Mei Zuiderzee iko wazi. Meli za Texel zingekuwa zimeshaondoka, wenye mali wangekuwa wamehamisha shehena na hati zao. Nyumba kubwa ya mabenki ya Hope ilihamia London mwishoni mwa 1794, kabla mito haijaganda. Ukiwapa wengine miezi minne, wangefanya vivyo hivyo.

Mwalimu wa Zamu

Wangehamisha wapi? London hiyohiyo. Serikali ya Uingereza ilianza kuzizuia meli za Kiholanzi bandarini mwake tarehe 19 Januari, siku moja baada ya William kuondoka kwao. Zilizokuwa zimetia nanga Plymouth, maji hayakuwa yameganda, na hazikutoka.

Nahodha Mstaafu

Hapo mwalimu amefunga. Mtoa Mizigo, jibu hilo la Plymouth kwanza, kisha twende mbele.