Programu zinazojiwasha kwenye Windows XP: msconfig, rejista au Autoruns?

Nyuzi7
Wakuu, kompyuta yangu ni ya zamani, Windows XP, RAM ya MB 256. Ikishawaka inabaki nzito muda mrefu, diski inasaga tu. Nataka kupunguza programu zinazojiwasha. Kati ya msconfig, rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) na Autoruns, mnapendekeza ipi? Halafu kuna ctfmon.exe, ile ya lugha na kibodi: naitoa tiki kwenye msconfig, nikifungua Word imerudi.

Waya_Mwekundu
Anza na msconfig, mkuu. Bofya Start, Run, andika msconfig, kisha fungua ukurasa wa Startup. Ninaipendea kwamba haifuti kitu. Ukitoa tiki, maelezo ya programu yanahamishiwa sehemu nyingine ya rejista, HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Shared Tools\MSConfig, na njia ya mkato iliyokuwa kwenye folda ya Startup inahifadhiwa C:\WINDOWS\pss. Toa tiki nusu ya orodha, washa upya. Uzito ukibaki vilevile, mtafute mkosaji kwenye nusu iliyobaki na tiki.

fundi_taratibu
Kwa kupima, sawa. Kwa matumizi ya kudumu mimi siiafiki, maana inaiacha kompyuta kwenye Selective Startup (hali ya kuwasha baadhi tu ya vitu) na haionyeshi kila kitu. Autoruns ya Mark Russinovich na Bryce Cogswell (kampuni yao, Winternals, ilinunuliwa na Microsoft 2006) inaonyesha hata viendeshi, kazi zilizopangiwa ratiba na viongezi vya Explorer. Ficha vya Microsoft kwanza, orodha itapungua sana. Nayo ukitoa tiki haifuti. Tafuta toleo la zamani linalokubali XP.

Kuhusu ctfmon, anayeirudisha ni Office, kwa hiyo kuitoa tiki ni kazi bure. Nenda Control Panel, Regional and Language Options, Languages, Details, Advanced, uweke tiki kwenye "Turn off advanced text services". Ila kama unaandika kwa lugha zaidi ya moja na kubadilisha kibodi, iache, unaihitaji.

Mkesha
Rejista haihitaji kupakua chochote. Fungua regedit, uangalie Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run, chini ya HKLM kwa watumiaji wote na HKCU kwa aliyeingia. Lakini huko ukifuta kimefutika, kwa hiyo hifadhi nakala ya .reg kabla hujagusa.

Na tafadhali sana, thamani ya Userinit iliyo chini ya Winlogon, huko huko kwenye rejista, usiiguse. Inasomeka C:\WINDOWS\system32\userinit.exe, pamoja na alama ya mkato (,) ya mwisho. Ikipotea, unaingia na kutolewa papo hapo, hata kwenye hali salama.

Nyuzi7
Ctfmon imetulia, asanteni. Naanza na msconfig. Kuna namna ya kujua kama uzito unatoka kwenye folda ya Startup kabla sijatoa tiki?

Mkesha
Ipo. Shikilia Shift unapoingia mpaka ikoni zote zitokee. Vilivyo kwenye folda hiyo havitafunguka. Ikibaki nzito, nenda kwenye Run ya rejista.