Protini ya bakteria inapitaje kwenye utando bila seli kuvuja?

zuhura_maabara
Wakuu habari za usiku. Niko mwaka wa pili maabara, wiki ijayo tuna test ya maikrobayolojia na kuna kitu kimenikwama kabisa. Utando wa bakteria ni mafuta, hata protoni haipiti hovyo, sasa li-protini kama sumu ya kipindupindu linatokaje nje seli isivuje? Notsi zimeandika "husafirishwa na Sec" basi, slaidi nyingine ikafuata. Mimi sitaki kukariri, nataka kuelewa.

Baba Nasri
Zuhura umeuliza la maana sana. Fikiria kitanda, kikishafungwa hakipiti mlangoni, lazima mkifungue mkipitishe mbao mbao. Sec, yaani mashine ya kupitishia protini kwenye utando, ndo iko hivyo, protini inapita ikiwa bado uzi haijajikunja, na mwanzoni mwa huo uzi kuna kipande cha amino asidi kama 20 hadi 30, katikati yake hakipendi maji, ndo kitambulisho chake (Günter Blobel alipata Nobel 1999 kwa kuonyesha protini zinabeba anwani zao zenyewe). Mlango unaitwa SecYEG, SecA, protini inayofanya kazi kama mota, anasukuma uzi kidogo kidogo huku akila ATP (nishati ya seli), ukishapita kuna kimeng'enya kinakata kile kipande. Kuhusu kuvuja: tundu lina kizibo, na pale katikati penye wembamba kuna pete ya amino asidi zinazochukia maji, inaubana uzi kama gasketi. Hiyo pete ichore kwenye test.

mzee_wa_petri
Naongezea hapo kwa Baba Nasri, sio zote zinapita zimefunguliwa. Kuna Tat, hiyo inapitisha protini ikiwa imeshajikunja kamili, na haili ATP, inatumia msukumo wa protoni zinazotaka kurudi ndani ya seli. Jina limetokana na arginini mbili pacha zilizoko kwenye kitambulisho. Tofauti yake utaiona kwa GFP, ile protini ya kijani: ukiipitisha Sec inafika ng'ambo haiwaki kwa sababu inashindwa kujikunja vizuri kule, ukiipitisha Tat inawaka. Mimi nilikaa kwenye hadubini nikaona kijani kimejipanga pembezoni mwa seli kama pete, katikati giza, toka siku hiyo sijawahi kuchanganya hizi njia mbili.

zuhura_maabara
Aisee asanteni, sasa kitanda nimekielewa. Ila bakteria wa kipindupindu ana tando mbili na sumu yake ina vipande sita, A moja na B tano, je vinaunganishwa nje kabisa?

Baba Nasri
Hapana, vinaunganishwa barazani. Kati ya tando mbili kuna nafasi, kila kipande kinapita Sec peke yake kama mbao, kikifika pale kinajikunja, kimeng'enya DsbA anakifunga kwa viungo vya salfa, halafu B tano zinajipanga duara na A inakaa juu yake. Kitanda kimeshafungwa sasa, ndo mfumo wa utoaji wa aina ya pili (mashine nyingine ya kutolea protini) unakitoa kizima kizima kwenye geti la utando wa nje.

zuhura_maabara
Kwa hiyo geti likiharibika sumu inajaa barazani?

mzee_wa_petri
Ndiyo hivyo hivyo. Zipo mutanti (aina zilizobadilika jeni) za Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, zenye hitilafu kwenye huo mfumo, supu waliyoota ndani yake ina sumu kidogo sana, ila ukizipasua seli unaikuta sumu imerundikana mle katikati ya tando, imeshaunganishwa tayari.