Tunahamia Muscat na watoto saba, naombeni ushauri kabla hatujaondoka Wete

Mama wa Saba
Asalaam aleykum ndugu zangu, nina jambo limenikosesha usingizi wiki ya pili hii. Mie ni mama wa watoto saba, tuko Wete, Pemba, baba yao yuko Muscat, Oman, mwaka wa nne sasa ni fundi wa viyoyozi, na mwezi uliopita kazini kwake wamemkubalia aite familia. Nimefurahi wallahi maana kulea kwa simu si mchezo, huyu wetu mdogo ana miezi tisa na babake kamuona siku kumi na mbili tu basi.

Watoto ni hivi, mkubwa wa kike yuko kidato cha tatu, wa pili wa kiume kidato cha kwanza, kisha mapacha darasa la tano, wa kike darasa la pili, mmoja maandalizi na huyo wa mgongoni. Nyumba iliyopatikana iko Al Khoudh, vyumba vitatu na ukumbi. Mtaa wenyewe majirani wengi ni Waomani wenye asili ya huku kwetu wanasema Kiswahili, na kuna bi mkubwa mmoja hata sijamtia machoni ananitumia voisi kila baada ya siku mbili, kashakusanya vitanda kwa wenziwe, friji, kitanda cha mtoto, na nguo zilizowabana wajukuu zake. Juzi kaniuliza watoto wako wanakula pilipili au hawali. Nililia.

Sasa mie muhali, hii haya ya kupokea vya watu, ndo unaonitesa. Watu tisa kuwashukia watu na wao wanatoa tu, mie nitawalipa nini? Na la pili mama mkwe anasema mkubwa abaki kwake amalize skuli, mie moyo haukubali kumuacha mtoto wa kike, babake anasema tuamue wenyewe. Na la tatu tunataka kuondoka mwezi wa nane ili watoto wawahi skuli za kule, nitayarishe nini? Nisaidieni nyie mliotangulia.

BintMkoani
Waaleykum salaam dada yangu, hongera sana. Mie niko Muscat mwaka wa kumi na moja, nilikuja na wanne nikazaa wawili hukuhuku, kwa hiyo nakuelewa.

Anza na karatasi leo si kesho. Pasipoti ni 150,000 kila mtu hata mtoto mchanga, nyie nane hiyo ni 1,200,000 na bado hujalipa kitu chengine. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote na cheti cha ndoa uvitoe uviweke juu ya meza utizame majina herufi kwa herufi. Kwetu mtu mmoja kwenye cheti Mohamed, kwenye pasipoti Muhammed, kwenye cheti cha mtoto Mohd, huku hawakuelewi kabisa. Mie mwanangu wa tatu alikwama miezi miwili kwa herufi moja ya jina la babake, sie tuko huku yeye yuko kwa bibi yake Mkoani analia kila siku. Ukikuta tofauti nenda ofisi ya usajili wa matukio ya kijamii ukarekebishe kabla hujaomba pasipoti. Vikishakuwa sawa vinapigwa muhuri Mambo ya Nje kisha kwa Waomani wenyewe, konseli yao ipo Unguja mjini huna haja ya kwenda Dar. Na vifanyiwe tafsiri ya Kiarabu na mtu anayetambulika.

Mwezi wa nane ni jua kali dada, utashuka ndege utadhani mtu kafunua tanuri ya mofa usoni mwako. Watoto wasitoke nje saa sita mpaka alasiri, huyo mdogo maji na ziwa la mama kila wakati. Ila ukifika mwezi wa kumi na moja huko hewa tamu mpaka unasahau.

Mwalimu wa Chake
Dada, mie ni mwalimu nitasema la skuli tu. Hao wadogo usiwahofie, wakicheza na wenzao watashika Kiarabu mapema, na msingi wa chuo cha Kurani wanao ingawa kusoma msahafu na kuongea ni vitu viwili. Mwenye kazi ni huyu wa kidato cha kwanza. Skuli za serikali za kule kila kitu ni Kiarabu, hisabati Kiarabu, sayansi Kiarabu, mtoto wa miaka 14 mwenye akili zake atakaa darasani kama bubu na inamvunja. Huyu babake atafute skuli binafsi ya Kiingereza hata kama ni kwa kujibana, pesa za watoto wengine zielekezwe kwake mwaka wa mwanzo.

Mkubwa mie naona abaki. Mtihani wa kidato cha nne ni mwezi wa kumi na moja mwakani, cheti kile kitamfaa popote, ukimtoa sasa hivi hana cha huku hana cha kule.

Mtoto wa Micheweni
Samahani mwalimu, mie nataka kusema kwa sababu mie ndo niliyeachwa. Wazee wangu na wadogo zangu watano waliondoka nikiwa kidato cha tatu hivyohivyo, mie nikabaki kwa bibi. Mtihani nilifaulu, alhamdulillah, sikatai. Lakini waliondoka alfajiri nikiwa nimelala maana walisema nikiwaona nitalia, nikaamka nyumba nzima kimya, viatu vya wadogo zangu havipo mlangoni. Nina miaka 34 sasa na ile alfajiri ninayo.

Kwa hiyo dada mimi siwezi kukwambia muache au umchukue, ila mumuulize mwenyewe, mumkalishe chini aseme. Na kama anabaki akusindikizeni mpaka bandarini akuageni kwa macho yake, ajue na siku atakayokuja, iwe na tarehe. Umemuuliza?

Mama wa Saba
Subhanallah kaka yangu umenitoa machozi. Kusema kweli sijamuuliza, tumezungumza mie na babake na bibi yake, yeye tunamwambia tu nenda kasome. Leo usiku nitamuuliza.

Ami Said wa Seeb
Bibie, mie mzee, nimezaliwa Pemba nimekuja Oman kijana baada ya 1970 Sultan Qaboos alipotuita turudi. Sie wakati ule Kiarabu chetu kilikuwa cha kuvunjikavunjika, tukaitwa Wazanzibari na wengine walitucheka. Waliotupokea ndo waliotufanya tukawa watu. Sasa huyo bi mkubwa anayekusanya vitanda usidhani anakupa sadaka, huyo anamrudishia mtu aliyempokea yeye au mamake. Pokea mwanangu. Ukikataa unamuumiza.

Jambo moja mfundishe wanao mapema. Huku misikiti mingi ni ya madhehebu ya Kiislamu ya Ibadhi, wataona watu wanasali mikono imeachwa chini na baada ya Alhamdu hakuna amin. Huko kwenu ipo pia misikiti hiyo ila watoto wengi hawajaingia. Waambie wasali watakavyo, hakuna atakayewakemea, wasije wakauliza kwa sauti msikitini wakatia watu haya.

BintMkoani
Ami Said kasema. Na mie niongeze la muhali, maana na mie nilikuwa nao. Sahani ikija usiirudishe tupu, kama kwetu tu, Ramadhani utakuta zinapishana milangoni kuanzia alasiri. Ukipata wiki mbili za kupumua pika vitumbua upeleke. Kukiwa na harusi au msiba nenda ukakae jikoni na wenzio, usingoje kuitwa. Hawakutaki pesa wanakutaka wewe mwenyewe.

Na jingine kubwa, huku magari yanapita kulia! Watoto wetu wamezoea kutizama upande mmoja kwanza, huku gari linakuja kwa upande ule mwengine, mapacha wako hao wazoeshe wiki ya mwanzo wasivuke peke yao kabisa. Mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili wanaingia skuli. Plagi ni zile zile za pini tatu usinunue adapta.

Jirani Mwema Ziwani
Zawadi msibebe karafuu kwa kilo tafadhali, karafuu kavu zina sheria zake na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, ndo mnunuzi, msije mkakwama bandarini na watoto. Bebeni kawa, mikeka, achari ya embe, hivyo vinawaliza wazee wa kule.

Mama wa Saba
Ndugu zangu nimerudi. Nimekaa nae jana baada ya isha, wadogo zake wamelala. Nikamwambia mwanangu sema la moyoni. Akanyamaza sana, kisha akasema mama mie nataka kumaliza na wenzangu lakini naogopa mtanizoea kutokuwepo. Jamani.

Tumepiga simu kwa babake pale pale. Atabaki kwa bibi yake, likizo ya Disemba anakuja, tiketi babake ananunua kabla sie hatujaondoka ili aishike mkononi, na akimaliza mtihani mwakani haupiti usiku wa pili anatufuata. Na atatusindikiza, siku mbili tutalala wote Unguja kisha yeye arudi na ami yake. Nimemwambia bibi yake mbele yake asije akasema hakusikia.

Vyeti nimevitoa, mapacha mmoja jina la babu limeandikwa tofauti na mwenziwe, Jumatatu naenda usajili. Na yule bi mkubwa nimemjibu voisi nimemwambia ahsante mama, pilipili wanakula wote isipokuwa wa maandalizi. Suali la mwisho, sufuria yangu kubwa ya kupikia pilau nibebe? Ni nzito lakini ya watu wengi.

BintMkoani
Iache kwa bibi, mjukuu atakuwa na wageni. Huku sufuria za harusi tunaazimana, yangu inaingia kilo kumi, siku mkifika nakuletea ikiwa na kitu ndani.