Paipu ya fankisheni kwenye TypeScript, mbona kompaila imenyamaza?

njiti_kavu
Wakuu habari, naombeni msaada nimekwama tangu jana. Nina fankisheni tatu: soma (inapokea string inatoa namba), kagua (umri ukiwa chini ya sifuri au umezidi 150 inarudisha null, yaani hakuna kitu, la sivyo namba yenyewe) na ujumbe (inapokea namba inatoa "Una miaka kadhaa"). Nimeziunga paipu, yaani kinachotoka kwa moja kinaingia kwa inayofuata: ziko kwenye array (orodha), reduce inazipitia moja moja, kazi inafanya fresh tu. Ila leo nimeivuruga makusudi nikaweka ujumbe iwe ya kwanza, hakuna mstari mwekundu hata mmoja, nimekuja kukutana na NaN (yaani "si namba") kwenye skrini. Sasa hizi taipu (aina za data) zinanisaidia nini?

bila_any
Mkuu kuna any humo ndani (taipu inayokubali chochote, kompaila haikagui), bisha 😂
Array ina taipu moja kwa vitu vyake vyote, ukishazitia fankisheni zote humo kompaila haijui tena nani amekaa jirani na nani, na kwenye paipu mchezo wote uko kwenye maungio, kinachotoka kwa f ndo kiingie kwa g. Kila ungio lipe herufi yake:

`function paipu<A, B, C>(a: A, f: (a: A) => B, g: (b: B) => C): C`

Hiyo ni ya hatua mbili, juu yake andika ya tatu, ya nne, mpaka utakapochoka. Inaonekana ushamba ila hata fp-ts (maktaba ya TypeScript) wameziorodhesha hivyo hivyo. Huko ndani reduce yako iache na any yake, haina shida, wa nje haioni.

mtu_wa_ocaml
Kwetu kwenye OCaml (lugha nyingine ya programu) hayo mateso hatuna. `x |> f` maana yake ni `f x`, basi, kila alama inaunga vitu viwili tu kwa hiyo hata ukiwa na hatua hamsini hakuna cha kuorodhesha. Ipo kwenye maktaba ya kawaida tangu 4.01, mwaka 2013. JavaScript bado wanaijadili.

kafulia_jenariki
Tangu TypeScript 4.0 (2020) kuna tuple (array ambayo kila nafasi ina taipu yake) za urefu wowote, na tangu 4.1 unaweza kuandika taipu inayojiita yenyewe ikakagua maungio yote. Mi nilifanya nikajuta, ukikosea kidogo unapewa erori ndefu huelewi ianzie wapi, halafu ukiandika `x => ...` bila kutaja taipu mara nyingi inashindwa kukisia. Fuata ya bila_any.

njiti_kavu
Nimeandika ya hatua tatu, nikivuruga sasa inagoma palepale. Ila nimerudisha mpangilio sahihi na bado ina mstari mwekundu chini ya ujumbe??

bila_any
Kagua inatoa namba au null, ujumbe inataka namba tupu. Inakwambia ukweli hiyo.

njiti_kavu
Aisee. Kumbe ndo maana wiki iliyopita kuna mtu alinitumia picha ya skrini imeandikwa "Una miaka null" nikamjibu arifreshi.