Wiki za kwanza masomoni Israel: tupeane uzoefu, hadithi za maisha kaa nazo

Kibanda cha Mkaa
Wakuu, msimu wa barua za udahili umerudi na maswali ni yaleyale. Kuna vijana wawili wanaondoka: mmoja chuo kikuu Jerusalem, mwingine mafunzo ya kilimo ya miezi 11 kule Arava, jangwani kusini. Aliyepita njia hii aseme wiki nne za mwanzo zina nini. Ombi moja: historia ya maisha yako iache nyumbani. Tunataka nini kifanyike, lini, kiasi gani, na kinaharibikia wapi.

Karani Mstaafu
Naanza na kikaratasi. Visa ya mwanafunzi ni A/2, inapatikana kabla hujapanda ndege, na kwa Mkenya na Mtanzania maombi yanapita ubalozi wa Israel ulioko Nairobi. Ukitua uwanja wa ndege wa Ben Gurion pasipoti haigongwi muhuri. Unapewa kikaratasi kidogo cha buluu. Usiondoke dirishani kabla hujasoma aina ya visa iliyochapwa. Ukiona B/2 umeingizwa kama mtalii, na pa kurekebisha ni palepale, barua ya chuo mkononi. Ukigundua ukiwa umeshafika bwenini, hiyo sasa ni miadi ya ofisi ya Mambo ya Ndani, na miadi haipatikani kesho.

Kipige picha halafu kiweke ndani ya pasipoti. Ni chepesi, kinapeperuka, na benki watakidai.

Maswali ya usalama: nani alifunga begi, nani kakupa mzigo, unasoma nini, nani analipa. Jibu fupi, na liwe lilelile kila likirudi. Wanaporudia swali si kwamba hawakusikia.

Chalii wa Sakina
Na mzigo wa mtu usibebe. Hata wa mchungaji.

Bi Msafiri
Karani umeeleza dirisha ukasahau SIKU ya kutua. Hapo ndipo watu wanapoumia, ngoja nieleze polepole.

Tiketi ya bei nafuu mara nyingi ni ya Ijumaa. Mgeni haoni ubaya. Anatua saa nane mchana, anahojiwa, anasubiri begi, anatoka saa kumi. Anashuka kituo cha treni kilichomo humohumo uwanjani: geti limefungwa. Treni za Ijumaa hukoma mchana na hazirudi mpaka Jumamosi usiku. Mabasi karibu yote vivyo hivyo. Desemba jua la Jerusalem linazama kama saa kumi na nusu na dakika chache, na Sabato inaingia kabla ya hapo.

Sasa kimebaki teksi. Mita ya Sabato iko juu kuliko ya siku ya kazi, halali kabisa, na Jerusalem ni mbali. Anafika bwenini: ofisi ya funguo imefungwa hadi Jumapili asubuhi. Mlinzi yupo, ila mlinzi anafungua geti, hatoi chumba. Anatafuta duka la maji: limefungwa. La mkate: limefungwa. Laini ya simu hakununua uwanjani kwa sababu aliambiwa mjini ni rahisi. Kwa hiyo ana begi mbili za kilo 23, simu bila mtandao, noti za dola ambazo hakuna wa kuzibadili, na saa karibu 40 mbele yake kabla ofisi ya funguo haijafunguliwa.

Kuzuia: tua kati ya Jumapili na Jumatano. Ikishindikana, iandikie ofisi ya mabweni wiki moja kabla, uulize funguo zitaachwa kwa nani. Upate JINA na NAMBA, "usijali" usiikubali kuwa jibu. Beba chakula cha siku moja na nusu. Uwanjani nunua laini na kadi ya usafiri ya Rav-Kav, shekeli 5 kadi yenyewe, halafu unaijaza. Kama umeshakwama Jerusalem siku ya Sabato, elekea Lango la Damasko: maduka ya Waarabu yamefunguliwa na mabasi ya upande wa mashariki yanatembea.

Mpemba Mweupe
Umemaliza kila kitu hapo kwenye funguo.

Kibanda cha Mkaa
Nimeshawapigia wabadilishe tiketi. Kweli tena, ilikuwa Ijumaa!

Shamte wa Pwani
Mnaiogopa Sabato bure. Sisi wa pwani usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi jioni. Siku inaanza magharibi. Wao hivyohivyo. Anayelijua hili nyumbani hatashangaa kuona Ijumaa jioni ni Jumamosi.

Na siku za wiki msizikariri kama kasuku. Wao wanahesabu kuanzia Jumapili, sisi kuanzia Jumamosi, basi toa moja. Jumapili ya kwetu ni pili, kwao ni *rishon*, ya kwanza. Jumatatu ni *sheni*, ya pili. Jumanne *shlishi*, Jumatano *revii*. Ikifika Alhamisi acha kutoa: jina letu limetoka Kiarabu, ya tano, na kwao ni *hamishi*, ya tano vilevile. Ratiba ya chuo imeandikwa kwa herufi za namba hizo, na wiki ya masomo inaanza Jumapili. Anayeamka Jumapili kwenda ibadani amekosa kipindi cha kwanza.

Nyota ya Kiambu
Hii ya kutoa moja nimeinakili.

Karani Mstaafu
Ongezeni saa. Majira ya joto wako sawa na Nairobi na Dar. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, wanabaki nyuma yetu saa moja mpaka karibu mwisho wa Machi. Muhula unaanza baada ya sikukuu za vuli, kwa hiyo mabadiliko yanamkuta mgeni wiki zilezile za mwanzo. Simu inajirekebisha, saa ya ukutani haijirekebishi.

Sikukuu zenyewe: mwaka mpya wao, Yom Kippur (siku ya kufunga na toba), kisha Vibanda. Septemba na Oktoba ofisi zinafunguka kwa kuruka. Yom Kippur hata magari hayatembei na uwanja wa ndege unafungwa. Shughuli ya benki, bima na laini ifanyike siku ya kwanza ya kazi utakayoipata.

Fundi Bomba
Mtu kataja bwenini, mimi nina la maji ya moto. Juu ya paa kuna tangi na kioo cha jua, wanaita *dud*. Kiangazi jua linatosha. Siku za mvua, kuanzia Novemba, kuna swichi yenye taa nyekundu nje ya bafu: washa dakika 30 hadi 45, oga, ZIMA. Mgeni hufanya moja kati ya mawili: haijui swichi anaoga barafu wiki tatu akidhani nchi ndiyo ilivyo, au anaiacha usiku kucha na bili inawagombanisha wote chumbani.

Umeme ni volti 230 kama kwetu, vifaa havitaungua. Plagi ndiyo tatizo: hii yetu ya meno matatu ya mraba haingii. Ya pini mbili za mviringo inaingia. Beba adapta mbili, na kebo moja ya tundu nyingi ya kwetu: adapta moja inalisha vyote.

Mama Ntilie wa Ughaibuni
Jikoni sasa, maana huko ndiko ugomvi. Ukikuta sufuria na sinki viwili viwili, si utajiri. Nyama na maziwa havichanganywi. Mara nyingi rangi inaonyesha: nyekundu ya nyama, buluu ya maziwa. Ukipika mchuzi wa kuku ukatia maziwa ya mtindi kwenye sufuria ya mwenzio, umemharibia sufuria, kuosha tu hakusaidii. Nunua sufuria yako, bakuli, mwiko na kisu, viandike jina, maliza.

Samaki hahesabiwi nyama, lakini awe na mapezi na magamba. Sato ruksa, tena ndiye wa Ziwa la Galilaya. Kambale hapana. Kamba na pweza hapana. Dagaa wana magamba ila harufu yao jikoni kwa watu sita… shauri yako.

Unga: dukani tafuta *kemach tiras*, huo ni wa mahindi. Polenta ni chenga za njano, inasonga ila si sembe. Tel Aviv, mtaa wa Neve Shaanan karibu na kituo cha zamani cha mabasi, kuna maduka ya Waafrika. Mboga nunua sokoni Ijumaa mchana, dakika za mwisho kabla hawajafunga, bei inaporomoka.

Abuu Kisauni
Swali: Muislamu anakula hiyo kosher, chakula cha sheria ya Kiyahudi?

Mama Ntilie wa Ughaibuni
Nguruwe hakuna, damu hakuna, mnyama anachinjwa kwa kisu. Wengi wanakula.

Shamte wa Pwani
"Wengi wanakula" si fatwa. Wapo wanazuoni wanaoruhusu kwa aya ya chakula cha Ahlul Kitab (Watu wa Kitabu), wapo wanaotaka itajwe bismillahi kwa kila mnyama. Tena kosher haizuii pombe. Mchuzi wenye mvinyo unaweza kuwa na muhuri wa rabi. Soma viungo.

Chalii wa Sakina
Viungo vimeandikwa Kiebrania, atasomaje?

Abuu Kisauni
Nimeuliza kitu kimoja nimepata vita.

Shamte wa Pwani
Vita ipi? Jaffa, Nazareti na Mji Mkongwe wa Jerusalem bucha za Waislamu zipo. Nenda huko, lala salama.

Nyota ya Kiambu
Hapo kwa Kiebrania: kama masomo ni kwa Kiingereza, darasa la lugha ni kupoteza muda. Tumia programu ya kutafsiri kwa kamera.

Karani Mstaafu
Sikubaliani hata kidogo. Kamera haikusomei mwenye nyumba anayekuletea mkataba umsainie papo hapo. Jifunze alfabeti, herufi 22, wiki mbili zinatosha. Maandishi ya kuchapwa na ya mkono ni tofauti, jifunze yote, kwa sababu mwalimu ubaoni anaandika ya mkono. Na fomu za mtandaoni: zinadai namba ya kitambulisho ya tarakimu 9, na ya mwisho ni ya ukaguzi, huwezi kubuni. Pasipoti ina herufi, fomu inaikataa. Usihangaike kujaza sifuri. Nenda dirishani na pasipoti.

Nyota ya Kiambu
Alfabeti sawa. Darasa bado hapana.

Mkulima wa Bondeni
Wa Arava mmemsahau. Huko hakuna mtaa, kuna jangwa na mashamba ya pilipili hoho na mitende. Kiangazi joto linapita nyuzi 40, kazi inaanza alfajiri. Kofia pana, shati la mikono mirefu, maji kabla ya kiu. Viatu vikung'ute kila asubuhi, nge wanapenda humo.

Kosa la mwezi wa kwanza ni hili: mgeni anaona udongo umelowa, anafunga maji ya mipira ya matone ili abane matumizi. Maji ya Arava yana chumvi. Yale yanayoonekana ya ziada yana kazi ya kuisukuma chumvi chini ya mizizi. Ukiyafunga, chumvi inapanda na majani yanaungua kingo. Kosa la pili, kichujio: soma kipimo cha presha kabla na baada ya kichujio, tofauti ikifika kama nusu bar, kisafishe. Ukisubiri, vitundu vya mwisho wa mstari vinaziba kwanza, na mwisho wa mstari ndipo pasipokaguliwa. Fungua ncha za mipira maji yatoke mpaka yawe meupe.

Malipo: daftari la saa, kila siku, kwa mkono wako. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa shekeli 6,247.67 kwa mwezi wa saa 182, sawa na 34.32 kwa saa. Saa mbili za kwanza za ziada ni asilimia 125, zinazofuata 150. Hati ya mshahara inaitwa *tlush*. Linganisha na daftari, kisha uliza kila makato: nyumba, bima, ada. Makato ambayo hayamo kwenye mkataba yauliziwe mwezi huohuo.

Mpemba Mweupe
Hiyo ya chumvi hata hapa kwetu ingesaidia.

Bi Msafiri
Mnaongelea hoho na hakuna aliyetaja king'ora cha makombora. Vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa mafunzo ya kilimo waliuawa katika shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023. Hili liwe la kwanza, sufuria baadaye.

Chalii wa Sakina
Unawatisha watoto wa watu.

Bi Msafiri
Simtishi mtu, namwelekeza. Siku ya kwanza, kabla ya kufungua begi, uliza *mamad* iko wapi: chumba cha zege chenye mlango wa chuma. Nyumba isiyo nacho ina *miklat*, handaki la jirani. Tembea mpaka hapo ukihesabu sekunde. Tel Aviv na Jerusalem muda ni kama 90. Karibu na Gaza ni 15. Pakua programu ya tahadhari ya jeshi la ulinzi wa raia, chagua eneo lako, washa sauti hata simu ikiwa kimya. Pasipo na handaki, ngazi za ndani, mbali na madirisha. Nje, lala chini, mikono kichwani. Usitoke mpaka uruhusiwe. Viatu na pasipoti vilale karibu na mlango. Polisi 100, gari la wagonjwa 101, zimamoto 102.

Fundi Bomba
Na *mamad* isigeuzwe stoo ya masanduku, maana mlango haufungi.

Chalii wa Sakina
Sawa, nimerudisha maneno.

Kibanda cha Mkaa
La mwisho: mmoja anataka kuvuka mpaka wa Taba kwenda Misri kuona Sinai wakati wa Vibanda. Anaruhusiwa?

Karani Mstaafu
Kutoka ataruhusiwa. Swali ni kurudi. A/2 inaweza kuwa ya kuingia mara moja, akivuka imekwisha. Asome visa: kama si ya kuingia mara nyingi, aombe kibali cha kurudi Mambo ya Ndani KABLA hajavuka. Na visa ya Misri aiulizie mbali na mpaka.

Mama Ntilie wa Ughaibuni
Asiende. Wiki ya Vibanda watu wote wako Eilat, mji wa jirani na Taba, hata pa kulala hakuna.

Nyota ya Kiambu
Aende, ila arudi Alhamisi. Ijumaa hakuna basi 😂