Tupeane uzoefu: Kanada ulichagua jimbo gani, na ulipofika ulikuta nini?

Mgeni Njiani
Wakuu, habari za muda huu. Mwaliko wa PR (ukaazi wa kudumu) umeingia. Mke ni muuguzi, mimi ni mtu wa stoo na magari, watoto wako shule ya msingi. Majimbo yako 10, ukiongeza yale maeneo 3 ya kaskazini kichwa kinauma, na kila ninayemuuliza anasema kwake ndiko kuzuri, kwingine kote takataka. Mliotangulia, mlichagua kwa kigezo gani? Mawakala wa viza piteni mbali.

Boksi Mzito
Nimekaa paleee nasubiri mtu aseme Toronto.

Kipanga wa Scarborough
Toronto. Haya, njooni.

Nilifuata watu, sikufuata kingine. Ukitua jioni, kesho yake kuna mtu anajua ghala linalochukua wafanyakazi bila kukuuliza "uzoefu wa Kanada". Hilo huko kwenye miji yenu ya ngano mtalitafuta kwa tochi. Ubaya wake ni nyumba. Mwenye nyumba anataka historia yako ya krediti, na wewe umetua juzi, utaitoa wapi? Unaishia beizimenti, ukitazama dirishani unaona magurudumu ya gari.

Halafu kuna kitu hukisikii mpaka kikukute. Ontario, jimbo letu, ina kikomo cha kupandisha kodi ya nyumba kila mwaka, lakini nyumba iliyoanza kukaliwa baada ya Novemba 15, 2018 haimo kwenye kikomo hicho. Mimi nikapata jengo jipya, lifti inanukia rangi, nikajiona nimeula. Mwaka ulipotimia barua ya mwenye nyumba ikaja, nikaisoma nikiwa nimekaa chini. Mgeni, uliza umri wa jengo kabla hujauliza maegesho ya gari.

Njoo Kesho
Beizimenti usinikumbushe mkuu. Naunga mkono hoja.

Mzee wa Calgary
Ndiyo maana nilihama. Huku Alberta hakuna kodi ya mauzo ya jimbo, unalipa ile 5% ya serikali kuu basi. Ontario wanakukata 13%. Mwaka 2022 Alberta ilifanya kampeni kabisa ya kuwaita watu wa Toronto na Vancouver, mabango yamebandikwa hadi kwenye treni zenu. Mimi nikasema, mtu akikukaribisha mara mbili usimfanye aite ya tatu. Na baridi yetu ina huruma, kuna upepo wa Chinook unateremka kutoka milimani katikati ya Januari, asubuhi umevaa kila ulichonacho, mchana unatembea na sweta.

Kipanga wa Scarborough
Mzee, malizia. Waambie na kodi ya nyumba huko kwenu haina kikomo chochote. Mwenye nyumba akishapitisha mwaka anapandisha anavyojisikia, jengo liwe jipya au la enzi za mababu. Bima ya gari je? Nayo ya kampuni binafsi. Hiyo 5% unayoringia inarudi kwa mlango wa nyuma.

Mzee wa Calgary
Mimi nina nyumba yangu. Yeye anayekaa chini ya ardhi anipigie hesabu?

Kipanga wa Scarborough
Una nyumba ya benki.

Kamau wa Nyanda
Wadau, mkimaliza kupigana mtuambie. Mimi niko Winnipeg na sikuichagua, iliniteua. Pointi zangu za kuombea PR hazikuwa zinatosha, na uteuzi wa jimbo, yaani jimbo likikupendekeza, unakuongezea 600 kwa mpigo, kwa hivyo hakuna mtu wa kukataa. Nilikuwa na binamu hapa, Manitoba wanapenda sana kusikia uko na mtu wa kukupokea.

Sasa nikueleze Januari. Ile siku mbaya kuliko zote nilikuwa nimeripoti kazi mpya kama wiki hivi, zamu ya alfajiri. Nimetoka nje, pua imeshikana ndani kwa ndani. Gari limekataa kuwaka, hata kukohoa halikohoi. Jirani mzee mmoja akanitazama kutoka dirishani kwake, akavaa, akaja, akafungua bonati, akavuta waya fulani uliokuwa unaning'inia kule mbele tangu ninunue gari. Mimi nilidhani ni waya umekatika! Kumbe injini ina hita, gari linachomekwa kwa umeme usiku kucha kama simu. Nimeishi na plagi hapo kwa ukuta wa maegesho nikidhani ni ya watu wa kukata nyasi.

Nikaenda kungoja basi. Minus arobaini, na usiniulize ni selsiasi au farenihaiti, zikifika hapo zinakutana. Nilikuwa na viatu vya ngozi vya kwenda ofisini. Kufikia wakati basi linakuja vidole nilikuwa nasikia kama si vyangu. Dereva akanitazama miguu, hakusema kitu, akaniketisha karibu na hita ya mbele. Kazini nilichelewa na hakuna mtu aliniuliza kwa nini, kila mtu alijua.

Na bado niko hapa, na sihami. Nyumba nimenunua, watoto wanaenda shule kwa miguu. Lakini kule kwa giza ujipange: Desemba jua linatoka karibu saa mbili na nusu na saa kumi na nusu jioni limeshaenda.

Njoo Kesho
Hapo kwenye waya nimecheka peke yangu kwenye basi.

Boksi Mzito
Mgeni, dawa ni hii: chukua uteuzi wa Manitoba, ukitua Winnipeg usitoke uwanjani, badilisha ndege uende Toronto. Bure kabisa, karibu.

Sheria Mkononi
Huo ni ushauri wa kumfukuzisha mtu. Unapoomba uteuzi unatamka kwamba unakusudia kuishi jimbo hilo. Ukitua na kuondoka siku hiyohiyo, umewapa ushahidi kwamba ulidanganya kwenye maombi, na udanganyifu unaweza kukuvua PR miaka baadaye, hata ukiwa unaomba uraia.

Boksi Mzito
Sehemu ya 6 ya mkataba wa haki, 1982. Mwenye PR ana haki ya kuhamia na kufanya kazi jimbo lolote. Nenda kasome.

Sheria Mkononi
Nimeisoma. Haki ya kuhama unayo. Haki ya kudanganya kwenye fomu huna. Ni vitu viwili.

Boksi Mzito
Wewe ni wakili?

Sheria Mkononi
Wewe ni pailoti?

Kamau wa Nyanda
Watu wanahama, tuseme ukweli. Lakini wale nawajua walitafuta kazi hapa kwanza, wakakaa, wakaweka karatasi zote, halafu wakaenda walikopata kazi nzuri zaidi. Sijaona aliyesumbuliwa hivyo. Hiyo ya kubadilisha ndege sijaona mtu mwenye akili akiifanya.

Mama Wawili
Nimekuwa nikisoma kimyakimya, ila hii ya kuchagua jimbo imenitonesha.

Sisi tulichagua mshahara. Mume wangu aliambiwa Fort McMurray, kaskazini mwa Alberta kwenye mafuta, hata mfagizi analipwa vizuri. Na ni kweli walikuwa wanalipa. Tukapanga nyumba, mimi nikapata usafi kwenye kambi za wafanyakazi. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza mji ule una barabara ngapi za kutoka.

Mei 3, 2016. Moto ulikuwa unajulikana tangu siku kadhaa nyuma, uko msituni, na asubuhi ile mbingu ilikuwa safi, watu wameenda kazini, mimi nilikuwa mapumzikoni nafua. Joto lilikuwa la ajabu kwa Mei. Mchana nikaanza kusikia harufu, nikatoka, upande wa pili wa mji wingu limesimama jeusi na chini yake jekundu. Mume yuko zamu kambini, kaskazini. Shule ikapiga simu: njoo uchukue mwanao sasa hivi. Mdogo nilikuwa naye mgongoni, ndiyo, kwa kanga, maana nilikuwa nafua.

Barabara ni moja, namba 63, na mji mzima umeambiwa utoke. Zaidi ya watu 80,000. Tangi langu lilikuwa robo, vituo vya mafuta vina foleni isiyosogea, kimoja nimekipita tayari kimefungwa. Majivu yanadondoka kwenye kioo, nikiwasha waipa yanapakaa. Mkubwa ananiuliza, mama, tunaenda kwa baba? Polisi waliokuwa barabarani wakaamua badala yangu: upande wetu waligeuzwa kaskazini, kusini moto ulikuwa umefika barabarani. Sikulia. Nilikuwa nasoma Aya ya Kursiyy nafika katikati naisahau naanza upya.

Tulilala kambini, chumba cha mtu mmoja, sisi wanne, na tulikuwa wenye bahati. Baadaye tukapakiwa ndege kwenye kiwanja cha huko migodini tukapelekwa kusini. Mtaa wetu ni miongoni mwa ile iliyoungua.

Ninachotaka kumwambia Mgeni ni kitu kidogo. Mwenye nyumba alitulazimisha kukata bima ya mpangaji, tukamnung'unikia kila mwezi. Ile bima ndiyo ilitulisha na kutupangishia nyumba Edmonton.

Njoo Kesho
Subhanallah. Pole sana mama.

Kipanga wa Scarborough
Pole dada yangu. Mume mlimkuta vipi?

Mama Wawili
Alitukuta yeye. Alikuwa anazunguka kwenye magari yanayoingia kambini anachungulia moja moja.

Boksi Mzito
Huu uzi umenishinda. Nguo je, uliziacha kwenye mashine?

Mzee wa Calgary
Kijana, una tatizo.

Mama Wawili
Mwacheni, hata mume wangu aliuliza. Ziliachwa humo. Na walioruhusiwa kurudi walianza Juni, sisi hatukurudi. Mei 2024 mitaa kadhaa ya mji huohuo iliambiwa tena iondoke. Niliiona kwenye simu nikazima.

Pwani ya Mvua
Kwa hiyo Alberta moto, Manitoba barafu. Njooni Vancouver, mvua tu, na bei za nyumba za kukutoa machozi. Ila kuna kero hamuisemi: saa. Kipindi cha baridi tulikuwa tunapishana na Dar saa 11. Mama akimaliza chai saa nne asubuhi anipigie, kwangu ilikuwa saa tano usiku na zamu inaanza alfajiri. Na bima ya afya ya jimbo letu, British Columbia, haianzi siku unayotua, ni mwezi uliobaki ukijumlisha miezi miwili. Ukija na watoto kata bima ya binafsi ya kuvukia.

Kipanga wa Scarborough
Ontario iliondoa kusubiri huko Machi 2020. Nasema tu.

Mtu wa Bukavu
Ndugu zangu, hakuna aliyetaja Kifaransa. Nilianzia Quebec, niko Moncton, New Brunswick, sasa. Quebec wana mfumo wao wenyewe wa kuchagua wahamiaji, huo mnaouita uteuzi wa jimbo haupo kule. Mtoto wa mhamiaji anasoma shule ya Kifaransa, sheria ya 1977. Wangu walifurahi, wa jirani yangu Mkenya walilia mwaka mzima. Lakini malezi ya watoto wadogo Quebec ni ya ruzuku tangu 1997, ilianza dola 5 kwa siku. Mtu wa Toronto akuambie analipa nini. Na kama mke wa Mgeni anajua Kifaransa hata cha kubabaisha, akikaze: tangu 2023 serikali kuu ina mialiko maalumu kwa wanaokizungumza, ili wakae nje ya Quebec.

Kamau wa Nyanda
Kifaransa nitajifunza na umri huu? Wacha nigande kwa Kiingereza.

Dada wa Zamu
Mgeni Njiani, umesema mke ni muuguzi kisha ukanyamaza, na watu wamekujibu habari za viatu na mawingu. Mimi ni muuguzi, niko Halifax, Nova Scotia.

Leseni ya uuguzi ni ya jimbo, si ya nchi. Bodi ya kila jimbo ina masharti yake, na tofauti ni kubwa. Nilianza maombi jimbo ambalo sitalitaja, wakanirudisha darasani kwa masomo niliyokuwa nafundisha wengine Muhimbili. Kipindi hicho nililea wazee usiku kwa mshahara wa msaidizi. Nova Scotia mwaka 2023 ilifungua njia ya mkato kwa wauguzi waliosajiliwa nchi saba. Nigeria ilikuwemo, Tanzania na Kenya hazikuwemo, msidanganywe na video za mtandaoni. Hata hivyo kwangu walikuwa wepesi kuliko kule nilikotoka. Na ukishasajiliwa jimbo moja, kuhamishia usajili jimbo jingine ni kazi ndogo mno ukilinganisha na kuupata mara ya kwanza.

Mzee wa Calgary
Kwa hiyo aende Halifax kisha aje Calgary.

Dada wa Zamu
Aende bodi ikimjibu vizuri. Na wewe Mgeni, stoo na magari utapata popote, usiburute mshahara mkubwa wa nyumba kuufuata mdogo.

Boksi Mzito
Hapo mume amepigwa bila kuguswa.

Mwambao Mashariki
Mtu akimpeleka St. John's, Newfoundland, amwambie na Januari 2020. Theluji sentimita 76 kwa siku moja, nilifungua mlango wa mbele nikakuta ukuta mweupe wenye alama ya kitasa. Wanajeshi waliletwa kuchimba watu. Kipindi cha baridi tofauti yetu na Dar ni saa sita na nusu, hiyo nusu hakuna ndugu yangu aliyewahi kuielewa.

Mgeni Njiani
Wakuu nimesoma yote, na mke amesoma begani kwangu. Mama Wawili, Mungu awatunze. Dada wa Zamu, mke anauliza: vyeti vinatumwa na yeye au na chuo?

Dada wa Zamu
Chuo na baraza la wauguzi watume wenyewe moja kwa moja, bahasha ikipita mikononi mwake wanaikataa. Aanze wiki hii kuwafuatilia pale chuoni, hapo ndipo miezi inapopotea. Majimbo mtabishana ndani ya ndege.

Sheria Mkononi
Wasibadilishe tu.

Boksi Mzito
Huyu bado yupo?